Muulize Msajili: Cheti hiki nani anakijibia?

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga, Singida, Mwanza na Mbagala, na karibu zote zinauliza jambo moja. Nilikaa ofisi ya mitihani na usajili ya chuo miaka 26 kabla ya kustaafu. Kila msimu wa udahili alikuja mtu mzima akalia mbele ya meza yangu kwa sababu ya karatasi aliyoilipia kwa jasho, nami sikuwa na la kumsaidia. Muda wa kumsaidia ulikuwa kabla hajalipa. Kwa hiyo leo nitakaa zaidi na barua ya kwanza, maana aliyeiandika bado yuko katikati ya malipo.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina shahada ya kwanza ya ualimu. Hapa mjini kuna kituo kimefunguliwa ghorofani karibu na stendi, kinatangaza "Masta ya Uongozi kutoka Uingereza, Level 7, miezi tisa". Ada ni milioni nne na nusu kwa awamu tatu. Nilipouliza kama inatambulika walinionyesha cheti cha usajili ukutani, kisha wakafungua tovuti ya Ofqual na kweli jina la diploma yao lipo. Mkuu wangu wa shule anasema hapo napigwa. Nimeshalipa awamu ya kwanza. Nifanyeje? — Mwalimu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, awamu ya pili usilipe mpaka umalize kusoma jibu hili.

Mkuu wako amekuonea huruma lakini hajakufafanulia. Inawezekana kabisa diploma hiyo ni halali huko England na walioisoma hawajutii. Kasoro iko kwenye neno moja ambalo kituo kimelibandika juu yake, nalo ni "masta".

Ofqual, mamlaka ya serikali huko England, haitoi cheti hata kimoja. Kazi yake ni kusimamia taasisi zinazotunuku vyeti, kama City & Guilds ambayo tangu 1878 imekuwa ikishughulika na ufundi, au Pearson yenye vyeti vya BTEC. Taasisi hizo nazo kwa kawaida hazina madarasa. Zinaandika mtaala, zinapanga vigezo vya kupima, halafu zinaruhusu vituo sehemu mbalimbali duniani vifundishe. Kwa hiyo nyuma ya karatasi moja wamesimama watu watatu: anayefundisha, anayetunuku, na anayemsimamia huyo anayetunuku. Ulipofunguliwa tovuti ulimwona wa tatu akimtaja wa pili. Wa kwanza, yaani kituo cha ghorofani, hukumwona hapo. Na shahada hukuiona pia, kwa sababu Ofqual haisimamii shahada. Uingereza, shahada hutunukiwa na chuo chenye mamlaka ya kutunuku shahada, na sheria yao ya elimu ya 1988 inamfanya mhalifu anayetoa kitu kinachojiita shahada ya Uingereza bila mamlaka hayo.

Sasa tuje kwenye hiyo Level 7, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea njia hata wakiwa na akili timamu.

Kwa Waingereza, ngazi ya 7 inaeleza ugumu wa masomo. Haielezi jina la tuzo. Shahada ya uzamili iko ngazi ya 7. Stashahada ya uzamili iko ngazi ya 7. Kuna hata cheti kifupi cha uzamili, nacho kiko hapo hapo. Vinatofautiana kwa ukubwa: shahada ya uzamili kwa kawaida ni krediti 180, stashahada 120, na cheti 60, kila krediti ikiwa ni saa 10 za kusoma ukijumlisha darasani, maktaba na kuandika. Mara nyingi zile 60 zinazoitenga shahada na stashahada ndizo za tasnifu, pale mwanafunzi anapokaa na swali lake mwenyewe hadi alitoe jasho. Diploma ya krediti 120 ni theluthi mbili ya njia. Ni njia ya heshima, lakini hujafika.

Ukiileta namba hiyo nyumbani inageuka. Katika mfumo wetu wa tuzo za ufundi, NTA, ngazi ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, na ya 7 ni stashahada ya juu. Shahada ya kwanza ni ya 8, uzamili ni 9, uzamivu ni 10. Maana yake ngazi ya 7 ya hapa iko chini ya shahada uliyonayo tayari. Kenya nako, kwenye mfumo wao wa taifa wa sifa, ngazi ya 7 ni shahada ya kwanza. Saba moja, nchi tatu, vitu vitatu. Ofisa utumishi wa halmashauri akikuta "Level 7" kwenye wasifu wako bila maelezo, ataisoma kwa macho ya hapa, na hana kosa.

Kusoma mahali pamoja na kutunukiwa na mahali pengine si jambo baya, na si jambo geni kwetu. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Ni 1970 ndipo kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea na kuanza kutunuku kwa jina lake. Lakini katika hatua zote hizo mwanafunzi alijua cheti chake kitabeba jina la nani. Wewe pia una haki hiyo hiyo ya kujua.

Basi rudi pale ghorofani na daftari. Waombe wakuonyeshe nakala ya cheti cha mtu aliyemaliza, usome neno kwa neno: kimeandikwa Diploma au Master? Jina lililo juu kabisa ni la nani? Wakisema kuna chuo kikuu kitakachomalizia hizo krediti zilizobaki, waulize ni chuo gani, kwa ada gani, na wakuonyeshe makubaliano yenyewe. Kile cheti cha ukutani kisome pia. Nimeona vingi ambavyo ni vya BRELA, vinavyothibitisha kwamba kampuni imesajiliwa kufanya biashara. Kampuni ya kuuza saruji nayo inacho.

Ukishapata majibu, waandikie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa barua pepe, uwaulize kama tuzo hiyo kwa jina hilo, kutoka kwa mtunuku huyo, inatambuliwa kama shahada ya uzamili. Taja kila kitu kwa jina. Wao ndio wenye kazi ya kutambua shahada za nje, na chuo cha nje kinachotaka kufundisha shahada zake ndani ya Tanzania kinapaswa kupitia kwao. Jibu la maandishi kutoka TCU litakufaa kuliko ushauri wangu na wa mkuu wako kwa pamoja.

Kuhusu fedha uliyokwishatoa: andika barua ya kuidai, ambatisha risiti na picha ya tangazo lenye neno "masta". Tangazo lile ndilo ushahidi wako. Lipige picha leo kabla halijabadilishwa.

Na kama unachotafuta ni uzamili huku ukiendelea kufundisha, usidhani umbali ndio ubaya. Chuo Kikuu Huria kimekuwepo kisheria tangu 1992 na kimesomesha walimu wengi waliokuwa kazini kama wewe.

*Mama, pole na kazi. Binti yangu amepata nafasi chuo cha afya, kozi ya famasi. Mkuu wa chuo ametuambia wazazi kwamba "chuo kimesajiliwa, ithibati ya kozi iko njiani". Wazazi wenzangu wameridhika. Mimi roho inanisita. — Baba wa mtoto mmoja, Singida*

Kaka, sikiliza roho yako.

Usajili na ithibati ni vitu viwili. Usajili unasema chuo kipo, kina majengo, uongozi na anwani. Ithibati inasema kinachofundishwa humo kimepimwa: mtaala, walimu na sifa zao, maabara, namna ya kutahini. Chuo kinaweza kuwa na kozi tano, nne zikaruhusiwa na moja ikakataliwa. Mwaka 2017 TCU ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya wa mwaka wa masomo 2017/18, kulikuwa na vyuo vingine vilivyobaki wazi lakini vikazuiwa kwenye kozi fulani fulani tu. Mzazi aliyeuliza "chuo hiki ni kizuri?" aliambiwa ndiyo, na mtoto wake akawa kwenye ile kozi iliyozuiwa.

Nitakusimulia ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa mwisho alisoma miaka miwili kozi ya maabara, chuo ambacho sitakitaja. Kilikuwa kimesajiliwa kweli. Kozi ilikuwa bado, na ilibaki bado mpaka wakamaliza. Alipopeleka cheti kwa mwajiri kilirudi na barua ya mistari minne. Mama alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Miaka ile mimi mwenyewe nilikuwa kwenye usajili wa chuo kingine, jambo hili nalijua kwa moyo, na sikumuuliza mdogo wangu hata swali moja. Alisema chuo kimesajiliwa, nikasema hongera.

Kwa hiyo waombe namba ya usajili ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Kwa vyuo vya afya utaiona inaanza na REG/HAS, kisha tarakimu. Baada ya hapo angalia kwenye orodha ya NACTVET kama kozi ya famasi imetajwa chini ya jina la chuo hicho, kwa ngazi anayokwenda kusoma. Isipokuwepo, mpigie simu mtu wa NACTVET kanda yako. Kwa afya kuna mlango wa pili, nao watu wengi huusahau: mhitimu wa famasi anahitaji kukubaliwa na Baraza la Famasi ndipo afanye kazi, kama muuguzi anavyohitaji leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Cheti cha chuo peke yake hakimweki binti dirishani kutoa dawa.

"Iko njiani" si jibu. Mwambie mkuu wa chuo, kwa adabu, kwamba mtoto ataripoti ithibati ikifika. Kukaa nyumbani muhula mmoja ni afadhali kuliko miaka miwili ya mdogo wangu.

*Shikamoo. Mzee wetu wa kanisa amepigiwa simu kwamba amechaguliwa kutunukiwa PhD ya heshima na chuo kimoja cha Marekani kwa huduma yake kwa jamii. Anatakiwa kutuma dola 1,200 za joho na ukumbi. Tumeunda kamati, michango imeanza. Je, ataweza kuitwa Daktari? — Katibu wa kamati*

Marahaba katibu. Simamisheni michango, mrudishieni kila mtu chake.

Shahada ya heshima hutolewa na chuo kwa mtu; mtu hailipii. Hata ile inayotoka chuo kikuu kinachoheshimika duniani haihesabiwi kuwa sifa ya masomo wala ya ajira, kwa sababu hakuna kilichosomwa wala kutahiniwa. Msihadaike pia na maneno "tuna ithibati ya kimataifa". Marekani serikali kuu haitoi ithibati kwa vyuo. Kazi hiyo inafanywa na mashirika binafsi, na mashirika yenyewe ndiyo yanayotambuliwa na Wizara yao ya Elimu au na baraza liitwalo CHEA. Wauza shahada wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana huanzisha na shirika la kujipa ithibati wenyewe. Kwa hiyo jina la chuo halitoshi. Tafuteni na jina la aliyekipa ithibati kwenye orodha za CHEA.

Mzee amewatumikia miaka mingi, nanyi mnataka kumshukuru. Ibada ya shukrani, kanzu nzuri na mlo wa pamoja vitamfaa zaidi.

*Habari za kazi mama. Nimemaliza shahada ya uzamili ya afya ya jamii Kampala mwaka 2023. Mwajiri hapa Mwanza anataka barua ya TCU. Si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Mbona wa Dodoma haulizwi? — Mhitimu, Mwanza*

Nzuri mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Swali lako ni la haki, na viongozi wetu wamekwisha kulitamka. Tarehe 20 Mei 2017, kwenye mkutano wao wa Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kabla ya hapo kulikuwa na mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, unaosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake hapo hapo Kampala ulikosoma. Mfumo huo unafanya uzamili wa Kampala na wa Dar usomeke kwa lugha moja. Lakini haukuziondoa mamlaka za nchi. Uganda ina Baraza lake la Taifa la Elimu ya Juu, na baraza hilo hupitia kozi moja moja, tena ithibati ya kozi ina muda wake wa kuisha. TCU wanapotazama cheti chako wanataka kujua kama kozi ilikuwa hai ulipoisoma, si kama chuo kina jina kubwa.

Mwajiri wako naye ana sababu ya kuwa mkali. Uhakiki wa vyeti uliotolewa taarifa Aprili 2017 ulikuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na tangu hapo ofisi nyingi hazipokei nakala kwa imani.

Maombi ya utambuzi hufanywa mtandaoni kwenye mfumo wa TCU. Andaa cheti chenyewe na transkripti, pamoja na vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita, kwa sababu wanapanda ngazi nzima kuanzia chini. Ikiwa sekondari ulisoma nje ya nchi, pitia kwanza NECTA upate ulinganifu, usije ukakwama katikati. Na mdogo wako akitaka kukufuata Kampala, mwambie aombe TCU barua ya kutokuwa na pingamizi kabla hajaondoka. Itamwokolea usumbufu ulio nao wewe sasa.

*Shikamoo mama. Nachomelea chuma miaka 14 sasa, nilifundishwa na mjomba wangu. Shule niliishia darasa la saba. Kuna kampuni ya ujenzi imenipenda kazi lakini inataka cheti. Jamaa mmoja ananiuzia cha VETA kwa laki mbili, kina jina langu kabisa. — Fundi, Mbagala*

Marahaba fundi. Usikinunue. Cheti cha kughushi hakikujui: siku kampuni ikiulizia namba yake, itakuta haipo au ni ya mtu mwingine, na miaka 14 yako ya kweli itachafuka kwa siku moja.

Nina furaha kukuambia kwamba ujuzi wako unaweza kupimwa kama ulivyo. Utaratibu huo unaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe na mjomba wako. Unaomba, wanaoijua kazi wanakuhoji, kisha wanakupa chuma uchomelee mbele yao. Hawakuulizi ulisoma wapi. Wanatazama mshono wako, wanatazama unavyoshika elektrodi, kama unavaa ngao ya uso, kama unajua kwa nini chuma hiki kimejikunja na kile hakikujikunja. Wakikuta pengo, wanakufundisha lile pengo tu, halafu wanakupima tena.

Namkumbuka fundi mmoja aliyekuja chuoni kwetu akiwa na miaka karibu hamsini. Kwa mikono alikuwa anawazidi wakufunzi wetu. Alichomelea bomba juu ya kichwa chake, mshono ukatoka umenyooka kama umepigwa rula. Pengo lake lilikuwa kusoma michoro. Alikuwa akisubiri mtu amwambie vipimo. Alikaa na michoro wiki chache, na siku alipoisoma ya kwanza mwenyewe alinyamaza muda mrefu akiitazama.

Vyeti vya ufundi stadi siku hizi vina ngazi tatu, ya 1 hadi ya 3. Vile vya zamani vya gredi, ambavyo mjomba wako huenda anavikumbuka kwa jina la "trade test", ndivyo vilivyotangulia. Usichanganyikiwe ukisikia NACTVET badala ya VETA. Zamani VETA ilifundisha, ikasajili vyuo vya wengine na kutahini. Baada ya mabadiliko ya sheria ya 2021 usimamizi ulikwenda NACTVET, na VETA ikabaki na kazi ya kufundisha. Wasomaji wetu wa Zanzibar wao waende Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na walioko Kenya waulize NITA, mamlaka yao ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambao bado wanapima mafundi kwa gredi.

Wewe wa Mbagala anzia chuo cha VETA Chang'ombe. Waambie umekuja kwa ajili ya urasimishaji wa ujuzi, fani ya uchomeleaji, uulize ada na tarehe za kupimwa. Nenda na kitambulisho chako cha taifa, na hakikisha jina utakaloandika kwenye fomu linafanana nacho herufi kwa herufi, maana kusahihisha jina kwenye cheti kilichokwishatoka ni safari nyingine. Chukua picha za mageti na mapaa uliyoyafanya, na muombe mwenye karakana akuandikie barua ya miaka uliyofanya kwake. Kisha rudi kwa ile kampuni uwaambie tarehe yako ya kupimwa. Kama kweli wamependa kazi yako, waombe wakushikie nafasi mpaka siku hiyo.